Binti wa miaka 16 mwenye kilo 118: je, apasuliwe tumbo?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi. Anaandika kwamba binti yake ana miaka 16, urefu wa mita 1.62 na uzito wa kilo 118, na kwamba amekuwa akinenepa tangu alipokuwa shule ya msingi. Usiku hukoroma hadi wadogo zake wamehama chumba, mchana husinzia darasani, na shingo yake imekuwa nyeusi na nzito kama iliyopakwa masizi. Wamemnyima bukari ya jioni, wakamnywesha tangawizi na dawa za kuendesha, na kila mara alipungua kilo chache, kisha zikarudi na nyingine juu yake. Mjomba wake aliyeko Johannesburg yuko tayari kulipia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula wakati wa likizo kubwa. Shangazi wa upande wa baba naye amesema kwamba kumkata mtoto tumbo ni kumfunga uzazi. Mama anauliza: "Docta, upasuaji huu unafanyiwa watoto pia? Hautamzuia kukua na kuzaa? Na kama ni tiba ya kweli, tumpeleke mwezi wa saba?"

Mama, nianze na jibu lenyewe. Upasuaji huu ni tiba ya kweli na unafanyiwa vijana wa umri wa binti yako. Haufungi uzazi, wala haukatizi kukua kwa msichana aliyefika umri huo. Hata hivyo mwezi wa saba ni mapema mno. Siku ya upasuaji ni siku moja, na wataalamu wa Johannesburg wataifanya kazi yao vizuri. Miaka inayofuata itaishiwa hapa Lubumbashi, mikononi mwako na mwetu, wakati aliyempasua yuko nchi nyingine. Miaka hiyo bado haijaandaliwa, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu zaidi.

Kwanza tujue tunazungumzia ugonjwa wa kiasi gani. Ukichukua urefu wa mita 1.62 ukauzidisha kwa wenyewe unapata 2.62, na kilo 118 ukizigawa kwa 2.62 unapata 45. Hiyo ndiyo fahirisi ya uzito wa mwili. Kwa watoto huwa tunailinganisha na chati ya umri na jinsia, kwa sababu mtoto bado anakua, lakini katika umri wa binti yako fahirisi ya 35 tayari huitwa unene uliokithiri, na 40 na kuendelea ni ngazi ya juu kabisa. Januari 2023 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema kwamba kijana wa miaka 13 au zaidi mwenye unene uliokithiri aelekezwe kwa wataalamu ili achunguzwe kama upasuaji unamfaa. Tazama neno lenyewe: achunguzwe. Mwongozo huo haukusema kila kijana apasuliwe, ila ulikataza tabia yetu sisi madaktari ya kuwaambia wazazi wasubiri hadi mtoto afike miaka 18, huku kisukari na presha vikiendelea kumla ndani.

Naomba pia uache kujilaumu, na mwache kumlaumu yeye. Unene wa kiasi hiki hauji kwa ulafi peke yake. Sehemu kubwa ya mwelekeo wa kunenepa hurithiwa, na mwili ukishazoea uzito fulani huupigania: ukila kidogo, homoni za njaa hupanda, mwili hupunguza matumizi ya nguvu, na mawazo yote huelekea kwenye chakula. Ndiyo maana kilo mlizomwondolea kwa kumnyima bukari zilirudi. Nchini Uswidi vijana 81 wenye unene huu, wa miaka 13 hadi 18, walipasuliwa kati ya 2006 na 2009 wakafuatiliwa kwa miaka mitano, na kando yao wakafuatiliwa vijana wengine waliopewa ushauri na matunzo ya kawaida bila upasuaji. Waliopasuliwa walikuwa wamepungua karibu kilo 37 kwa wastani. Wale wa ushauri peke yake walikuwa wameongezeka uzito, na hao walikuwa na wataalamu wa lishe, chakula cha kuchagua na viwanja vya michezo ambavyo Katuba haina.

Sasa niseme juu ya shingo. Akina mama wengi huniletea mabinti ambao shingo zimechubuka kwa kusuguliwa. Namkumbuka mmoja aliyekuwa na vidonda viwili vidogo nyuma ya shingo, mahali ambapo mama yake alikuwa amemsugua kwa jiwe la kusugulia miguu, na alikaa mbele yangu ameinua kola ya sare ya shule hadi masikioni. Ule weusi hautoki kwa sabuni kwa kuwa si uchafu. Ni ngozi inayonenepa kwa sababu insulini imezidi katika damu: mwili umeacha kuisikia insulini vizuri, kongosho inatoa nyingi zaidi ili sukari isipande, na ngozi ya shingo na ya makwapa inaonyesha kazi hiyo kwa nje. Ni onyo kwamba kisukari kiko karibu au kimekwisha kuingia. Kisukari cha namna hii kikimpata kijana huenda kwa kasi kuliko kwa mtu mzima, na vidonge vya metformini, ambavyo ndivyo tunavyoanza navyo, hushindwa kuituliza sukari ya vijana wengi katika miaka michache ya mwanzo. Kwa hiyo apimwe sukari kabla ya kula pamoja na hemoglobini yenye sukari, ambayo huonyesha hali ya miezi mitatu iliyopita.

Kukoroma nako kusichukuliwe kama jambo la kuchekesha wadogo zake. Usiku mmoja kaa naye ukiwa na saa mkononi. Ukisikia anakoroma kwa nguvu, kisha kimya kabisa kwa sekunde kumi au zaidi, kisha anashtuka akivuta pumzi kama aliyeibuka majini, basi koo lake linajifunga usingizini na hewa haipiti. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukatika pumzi mara nyingi kila saa, na kusinzia darasani ni matokeo yake, hata kama mwalimu anasema ni uvivu. Mrekodi kwa simu kwa dakika chache ulete, kwa kuwa rekodi hiyo itamfaa pia daktari wa nusukaputi: kumlaza mgonjwa wa hivyo bila kujua shida ya pumzi yake ni hatari kubwa kuliko kisu chenyewe.

Kabla ya yote hayo, Mama, nataka kujua binti yako amekuwa akimeza nini na kupaka nini. Nauliza kwa upole, na sitamgombeza mtu. Katika miji yetu ya Congo huuzwa sokoni na kwenye maduka ya dawa vidonge vya kuongeza mwili, na mara nyingi ndani yake kuna deksametazoni, pengine pamoja na siproheptadini inayotia njaa. Wasichana hununua kwa rejareja, wakati mwingine vikiwa vimefungwa kwenye karatasi bila jina. Tena zipo krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetazoli, dawa kali ya jamii hiyohiyo, ambayo ikipakwa mwili mzima kwa miezi hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Dawa hizi humpa mtu uso wa duara, nundu ya mafuta chini ya kisogo, tumbo kubwa juu ya miguu myembamba, na michirizi mipana ya rangi ya zambarau kwenye tumbo na mapaja. Kijana huacha kurefuka, sukari na presha hupanda. Kama hicho ndicho chanzo cha unene wake, au hata sehemu yake tu, upasuaji si jibu la kwanza, na kumlaza bila daktari kujua kungeweza kumuua. Lakini mkigundua kwamba anazitumia, msizikate siku hiyohiyo. Mwili uliozoea dawa hizi huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na zikikatwa ghafla presha huanguka na mtu anaweza kufa kwa homa ndogo tu. Zinapunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, chini ya uangalizi. Mwambie alete kila kitu kilicho kwenye begi lake na kwenye meza yake ya kujipamba, na umhakikishie kwamba hataadhibiwa.

Vipimo vingine vinaweza kufanyika hapahapa mjini bila kusafiri: tezi ya shingo, ini, mafuta ya damu, wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, mkojo, na kipimo cha mimba, ambacho hufanyiwa kila msichana kabla ya upasuaji na hakimaanishi kwamba anashukiwa. Presha ipimwe kwa mkanda mpana unaouzunguka mkono wake vizuri, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za juu za uongo, na nimewahi kuona vijana wakinywa dawa za presha ambayo hawakuwa nayo. Na kama mzani wa kituo chenu unaishia chini ya uzito wake, msikubali apelekwe kupimwa kwenye mzani wa magunia ya mahindi. Niliwahi kuletewa kijana aliyepimwa hivyo mbele ya wapagazi wa sokoni. Alikataa kupanda mzani wowote kwa mwaka mzima uliofuata, na mwaka huo tuliupoteza.

Upasuaji wenyewe ni wa namna mbili hasa, na zote mbili hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Wa kwanza, ambao siku hizi ndio hufanyiwa vijana wengi, huitwa slivu: daktari anakata karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuutoa, unabaki mrija mwembamba kama ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa, kwa hiyo mtu hushiba mapema na pia njaa yenyewe hupungua. Kilichokatwa hakirudishwi. Wa pili huitwa baipasi: mfuko mdogo hutengwa juu na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo, chakula kikiruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo mwembamba. Baipasi hushinda katika kisukari na kiungulia kikali, lakini hudai nidhamu kubwa zaidi ya vitamini, na ina matatizo yake ya baadaye kama utumbo kujinyonga ndani. Zamani kulikuwa pia na mkanda wa kufunga mfuko wa chakula. Vijana hawashauriwi tena kuwekewa. Kwa msichana atakayeishi mbali na waliompasua, mimi binafsi ningeegemea slivu, isipokuwa vipimo vya sukari au kiungulia vikituambia vingine.

Matokeo yake tunayajua vizuri kuliko watu wanavyodhani. Nchini Marekani vijana walioandikishwa kuanzia 2007 hadi 2012 katika hospitali tano wamefuatiliwa kwa miaka kumi. Katika siku 30 za kwanza hakuna aliyefariki kati ya 242, ingawa asilimia 8 walipata tatizo kubwa, kama kuvuja kwa mshono au kulazimika kurudi chumba cha upasuaji. Baada ya miaka mitatu walikuwa wamepoteza zaidi ya robo ya uzito wao. Baada ya miaka kumi fahirisi ya uzito ilikuwa bado chini kwa asilimia 20 hivi, na zaidi ya nusu ya waliokuwa na kisukari cha aina ya pili walikuwa hawana tena. Ukiwalinganisha na watu wazima waliofanyiwa upasuaji uleule, kisukari na presha viliwatoka vijana kwa wingi zaidi, labda kwa kuwa ugonjwa haujakaa mwilini miaka mingi. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu ya kutongoja hadi mtu awe na miaka 35. Lakini soma namba hizo kwa macho mawili, Mama. Asilimia 20 ya binti yako ni karibu kilo 24: kutoka 118 hadi kama 94. Atapumua, atalala, atatembea hadi shuleni bila kusimama njiani, sukari yake itatulia. Hatakuwa mwembamba kama wale wa kwenye picha za simu, na akienda na tumaini hilo atarudi na huzuni mpya.

Kuhusu kukua, msichana aliyeanza hedhi miaka kadhaa iliyopita huwa amemaliza karibu urefu wake wote, na hata kwa wadogo zaidi waliopasuliwa haikuonekana kwamba kimo kilikatizwa. Kitu cha kulinda ni mifupa, ambayo huendelea kukaza hadi miaka ya ishirini na kitu na hupoteza madini uzito unaposhuka haraka. Kuhusu uzazi, shangazi amehofia kinyume cha kinachotokea. Unene huu huvuruga hedhi na kuzuia yai kukomaa; uzito ukishuka, hedhi hurudi kwenye mstari na uwezo wa kushika mimba huongezeka, wakati mwingine ndani ya miezi michache. Na hapo ndipo penye hatari ya kweli, kwa sababu mimba katika mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu baada ya upasuaji humkuta mama akiwa bado anapungua, na mtoto tumboni hukosa lishe. Zungumza naye jambo hili waziwazi kabla ya safari, hata kama kwenu halizungumzwi kati ya mama na binti. Kama ni vigumu, mwachie mama mdogo au mwuguzi. Baada ya baipasi vidonge vya kuzuia mimba huenda visinyonywe vizuri, hivyo kijiti cha mkononi ni salama zaidi. Baadaye, akiolewa na kutaka watoto, atabeba mimba akiwa na hatari ndogo zaidi ya kisukari cha mimba kuliko kama angebeba akiwa na kilo 118, ingawa mtoto wake atahitaji kufuatiliwa asizaliwe mdogo.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kila ninaposikia kwamba mgonjwa wetu anakwenda kupasuliwa ng'ambo. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa msichana aliyekuwa amerudi kutoka nje ya nchi wiki tano baada ya upasuaji. Alikuwa akitapika kila anachomeza kwa karibu wiki tatu. Mahali alipopelekwa kwanza walimpima malaria na taifodi, wakamwandikia dawa za yote mawili, na kwa kuwa alikuwa amelegea wakamtundikia seromu ya sukari, chupa baada ya chupa. Siku ya nne macho yake yakaanza kuchezacheza yenyewe, hakuweza kusimama bila kushika ukuta, na alimwita dada yake kwa jina la bibi yao. Alikuwa amekwisha vitamini B1, ile tiamini ambayo kukosekana kwake huleta beriberi. Akiba ya tiamini mwilini hudumu wiki chache tu. Mtu anayetapika humaliza haraka, na sukari ikiingia kwa wingi kwenye mshipa hutumia ile kidogo iliyobaki, ubongo ukabaki mikono mitupu. Tulimchoma tiamini usiku huohuo. Macho yalitulia baada ya siku mbili, lakini miguu ilichukua miezi, na mpaka leo husahau mambo madogo. Waliomtibu kwanza hawakuwa wazembe. Walifanya kile ambacho sisi sote hufanya mjini hapa kwa mtu anayetapika, na hakuna aliyewaambia kwamba tumbo lile si tumbo la kawaida.

Kwa sababu hiyo kila anayemhudumia binti yako, kuanzia mwuguzi wa kituo cha mtaani, ajue mambo machache. Akitapika zaidi ya siku mbili au tatu, apate tiamini kwa sindano kabla ya seromu ya sukari. Hasa akiwa amefanyiwa baipasi, asichomwe diklofenaki wala asipewe ibuprofeni, dawa ambazo kwetu hutolewa kwa kila maumivu, kwa sababu hutoboa vidonda pale utumbo ulipounganishwa, parasetamoli inatosha. Maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka, hata miaka mingi baadaye, yasiitwe gesi wala minyoo mpaka daktari wa upasuaji amwone, maana huenda utumbo umejinyonga. Na mapigo ya moyo yakienda mbio katika siku za kwanza, hata bila homa, ni dalili ya mshono kuvuja. Kama hilo litatokea, litokee akiwa bado Johannesburg, na ndiyo maana asirudi baada ya siku tano kama tikiti za bei nafuu zinavyotaka. Akae huko wiki nne angalau.

Vitamini ni za maisha yote. Kila siku atameza vidonge vya vitamini mchanganyiko, madini ya chuma, kalisi pamoja na vitamini D, na B12 kwa kidonge au kwa sindano ya kila mwezi. Katika ule ufuatiliaji wa Marekani zaidi ya nusu ya vijana walikuwa na upungufu wa akiba ya chuma baada ya miaka mitatu, na wao hawana malaria wala minyoo inayoinyonya damu. Msichana wa Lubumbashi mwenye hedhi huanza akiwa nyuma zaidi. Chuma na kalisi visimezwe kwa pamoja, kwani vinazuiana. Damu yake ipimwe mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Piga hesabu ya gharama hizo na mjomba kabla ya hesabu ya tikiti, na ahadi yake iwe ya miaka, kwa sababu kijana huacha vidonge pale tu anapojiona mzima.

Chakula chetu kinaweza kumtosha. Wiki mbili za kwanza ni vya maji tu, kisha vilivyosagwa laini, na vigumu huanza polepole kuelekea mwezi wa pili. Baada ya hapo sahani yake itakuwa ndogo kuliko ya mdogo wake wa miaka mitatu, na nakusihi usimwongezee kwa huruma. Protini iliwe kwanza, gramu 60 kwa siku angalau. Yai moja lina gramu sita hivi, kwa hiyo mayai peke yake yangetakiwa kumi. Lakini kapenta waliosagwa, maharagwe, maziwa, samaki na kuku hufikisha bila shida, na kapenta anayeliwa na mifupa yake humpa kalisi pia. Sombe ikifuata, bukari mwisho, kipande kidogo. Maji asinywe pamoja na chakula bali nusu saa baadaye. Soda na vinywaji vitamu viondoke nyumbani kwa wote, kwa kuwa havimshibishi na hupita kwenye ule mrija bila kizuizi. Aliyefanyiwa baipasi akinywa soda anaweza kutoka jasho, moyo kumwenda mbio na kuharisha hapohapo. Pombe nayo humlevya haraka na kwa wepesi humshika mtu baada ya upasuaji huu.

Huenda umesikia pia juu ya sindano za kupunguza uzito. Semaglutidi, inayochomwa mara moja kwa wiki, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2022 kwa vijana kuanzia miaka 12, na katika majaribio ya vijana 201 fahirisi ya uzito ya waliochomwa dawa hiyo ilishuka kwa asilimia 16 kwa wastani. Ni dawa nzuri. Lakini ikiachwa uzito hurudi, ni ghali mwezi baada ya mwezi, hutaka kuhifadhiwa kwenye baridi wakati umeme wetu hukatika, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba semaglutidi bandia inazunguka. Kama mjomba anaweza kuipata kutoka duka la dawa linaloaminika, ni jambo la kuzungumza na daktari. Sindano za kununua kwenye simu zisimkaribie.

Katika barua yako ndefu, Mama, nimemsikia mjomba, shangazi, mwalimu na wewe mwenyewe. Binti sikumsikia. Yeye ndiye atakayelala mezani, na yeye ndiye atakayemeza vidonge akiwa na miaka 40 wakati sisi hatupo. Nitataka kuzungumza naye peke yake, wewe ukiwa nje ya mlango, nimwulize anaelewa nini, anaogopa nini, kama hula kwa siri usiku, kama kuna aliyemwumiza, kama amewahi kutamani kufa. Upasuaji hupunguza mwili na hauondoi huzuni. Kijana mwenye huzuni nzito hutibiwa hiyo kwanza au sambamba. Mwandae pia kwa maneno ya watu. Mjini kwetu anayekonda haraka husemwa ana ukimwi au amelogwa, na anayeambiwa hivyo kila siku kisimani na kanisani anaweza kuacha matunzo ili tu anenepe tena. Mkubaliane mapema atajibu nini. Na akisema hataki, tutaheshimu, tuendelee kutibu sukari na usingizi wake, na tutamwuliza tena baada ya miezi sita.

Kwa mwezi wa saba, basi, mlete kwangu au kwa daktari yeyote wa watoto unayemwamini, pamoja na rekodi ya simu na mfuko wa dawa zake. Likizo hiyo itumike kwa vipimo, kuanza vitamini, na kujaribu kwa miezi kadhaa chakula cha baada ya upasuaji, ili ajue anachokubali. Mjomba naye aulize huko Johannesburg kama timu ile hupasua vijana wa chini ya miaka 18 mara kwa mara, kama ina mtaalamu wa lishe na wa saikolojia, na kama itakubali kumpigia simu daktari wa hapa na kupigiwa hata usiku. Wakikataa hilo la mwisho, tafuteni wengine. Yote yakienda sawa, likizo ya mwaka kesho itatosha, na atakuwa bado na miaka 17.

Siku atakaporudi, karatasi hii iwe imefunikwa kwa plastiki na kuwekwa kwenye begi lake la shule, kwa Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili: "Nimepasuliwa mfuko wa chakula tarehe fulani, kwa njia ya slivu au baipasi. Nikitapika, nichomeni vitamini B1 kabla ya seromu ya sukari. Msinipe diklofenaki wala ibuprofeni. Nikiumwa sana na tumbo, nipelekeni kwa daktari wa upasuaji leo hii. Mpigieni mama yangu na daktari wangu kwa namba hizi."